Lori la jeshi lililostaafu: dalili, chanzo na pa kuanzia

Malori ya jeshi yanayouzwa kwa raia yana tabia inayowachanganya hata mafundi wazoefu: mengi hayakuchoka kwa kazi, yamechoka kwa kusimama. Unakuta lori la mwaka 1972 limetembea kilomita chache kuliko teksi ya miaka mitatu, na bado sili zimekauka, tenki lina maji chini, na viungo vya waya vimeota ukungu wa kijani. Ukitafuta ugonjwa wa lori la aina hii, jiulize kwanza nini kimeoza, ndipo uulize nini kimelika.

Nimeegemea zaidi M35A2 ya Marekani, ile ya tani mbili na nusu yenye tairi kumi, kwa sababu ndiyo niliyoilalia chini miaka mingi. Injini yake ni LDT-465, silinda sita, lita 7.8, iliyotengenezwa ili iweze kunywa dizeli na mafuta mengine kadhaa. Mahali fulani nitaigusa M939 ya tani tano, yenye Cummins ya lita 14 na breki za upepo mtupu. Mwenye Bedford, Unimog au Ural atafuata njia ileile ya kufikiri, ila vipimo avichukue kwenye mwongozo wa gari lake. Miongozo ya jeshi ya M35A2 na M939 inapatikana kwa urahisi. Ile ambayo namba yake inaishia na 10 ni ya dereva, inayoishia na 20 ni ya fundi wa kikosi. Isome ya dereva yote kabla hujashika spana.

Bado hujalipa, na muuzaji anakuharakisha

Haraka ya muuzaji nayo ni dalili. Kuna mambo manne ninayoyatazama, na hakuna hata moja linalohusu rangi ya bodi.

Fika injini ikiwa baridi, na uweke mkono juu yake kuhakikisha. Lori lililopashwa moto kabla hujafika linaficha tatizo la kuwaka.

Chomoa kijiti cha oili ukinuse. Oili ikizidi alama ya juu na kunuka dizeli, mafuta yanavujia ndani ya injini. Hilo nitalirudia hapa chini, kwa sababu linaweza kukuulia injini kwa dakika moja.

Fungua kizibo cha kujazia oili kwenye difu zote tatu, uchovye kidole. Oili nyeupe kama chai ya maziwa maana yake maji yameingia, ama lori lilipita mtoni, ama kipumulio cha ekseli kimeziba. Ukiiwahi, kubadilisha oili mara mbili kunatosha. Ikiwa ilikaa hivyo miaka kumi, beringi zimeshapata kutu.

La nne ni tarehe ya tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne: 1406 ni wiki ya 14 ya mwaka 2006. Kashata, yaani meno ya tairi, zinaweza kuwa nzima kabisa huku mpira umekuwa mgumu kama kwato. Tairi kumi ni fedha nyingi, kwa hiyo zihesabu ndani ya bei ya kununulia.

Na nyaraka. Hakikisha lori linaweza kusajiliwa unakoishi na kwamba leseni yako inaruhusu uzito huo, maana M35A2 tupu inakaribia tani sita.

Unabonyeza stata, kimya

Kwanza kosa ambalo si kosa. M35A2 haina ufunguo. Kuna swichi kuu ya kugeuza, halafu kitufe cha stata. Taa nazo zina swichi yenye vikono vitatu, na kikono kikuu hakisogei mpaka ushikilie kile cha kufungulia kufuli. Siku yangu ya kwanza nilizunguka lori saa nzima na kipima umeme nikitafuta fyuzi, wakati M35A2 haitegemei fyuzi kama gari dogo. Ina vikata umeme vinavyojirudisha vyenyewe. Na ukiacha swichi ya taa upande wa taa za kujificha, zile hafifu za kijeshi za usiku, taa za breki za kawaida hazitawaka. Watu wamebadilisha swichi nzima ya breki kwa ajili hiyo.

Kama umeshahakikisha hilo, fuata mpangilio huu.

Betri ndizo za kwanza kushukiwa. Mfumo ni volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Usipime jumla tu. Pima kila moja peke yake. Ukipata 12.6 huku na 10.4 kule, jumla ya 23 itakudanganya kwamba mambo si mabaya sana, kumbe betri moja imekufa na inaivuta mwenzake kaburini. Mara nyingi chanzo ni mtu aliyefunga redio au chaja ya simu kwenye betri moja ili apate volti 12. Betri hiyo inanyonywa kila siku, mwenzake inajazwa kupita kiasi. Nunua kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, na betri ubadilishe zote mbili kwa pamoja.

Kisha vichwa vya betri na waya wa bodi. Safisha mpaka chuma king'ae, pande zote mbili za kila kiungo. Waya wa bodi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chasisi hukatika ndani ya ganda lake na kwa nje ukaonekana mzima. Ukisikia mlio mmoja tu wa "ta!" na stata haizunguki, anza hapo kabla ya kuilaumu stata.

Stata yenyewe na relei yake zinakuja mwisho. Kwenye M939, ambayo gia zake ni otomatiki, hakikisha pia lever imekaa sawasawa kwenye nyutro.

Onyo: usiwashe lori hili kwa kuunganisha gari la volti 12 kwenye betri zote mbili. Tumia chanzo cha volti 24 kupitia soketi ya NATO, ile ya kijeshi ya kuunganishia umeme wa nje. Ukigeuza chanya na hasi kwa bahati mbaya, alternata imekwenda. Na usichomelee chochote kwenye chasisi kabla ya kuondoa waya za betri, ukianza na hasi.

Stata inazungusha vizuri, injini haishiki

Dizeli inahitaji hewa, mgandamizo na mafuta. Kwa lori lililosimama, mara tisa kati ya kumi ni mafuta.

Kwanza sukuma kile kivuta cha kuzimia injini mpaka ndani. Injini hii huzimwa kwa kuvuta kebo, na kebo iliyokauka hubaki nusu imevutwa, ikaikatia injini mafuta. Nimeona mtu akifungua pampu kwa sababu ya kebo iliyohitaji tone la oili.

Halafu zima kila kitu, washa swichi kuu, uweke sikio karibu na tenki. M35A2 ina pampu ya umeme ndani ya tenki, na nzima utaisikia ikivuma. Ikiwa kimya, pima kama umeme unafika kwenye plagi yake. Injini inaweza kuwaka bila pampu hiyo, lakini kwa shida, na mlimani itakuishia nguvu.

Fungua vizibo vya chini vya filta, utoe kidogo kwenye chupa ya kioo, uache dakika tano. Maji yatakaa chini. Ukiona utando mweusi kama makamasi, ni vijidudu vinavyoota mpakani mwa maji na dizeli kwenye tenki lililokaa. Kubadilisha filta peke yake ni kazi bure. Shusha tenki uoshe. Filta ziko tatu, na ukishazibadilisha lazima utoe upepo kwenye njia ya mafuta, la sivyo utamaliza betri ukizungusha.

Kama mafuta yanafika safi bila upepo na bado haishiki, tatizo ni pampu ya injekta. Hapo simama. Kichwa cha pampu hii kina nafasi ndogo mno kati ya vipande vyake, na kukifungua kwenye karakana yenye vumbi ni kukizika. Mpelekee fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia.

Usipulize etha ili kuilazimisha. Injini hizi zina kipasha-hewa cha moto kwenye njia ya kuingizia hewa. Etha ikikutana na mwali, utapata mlipuko mahali ambapo hukuuhitaji.

Moshi, na injini inayokimbia yenyewe

Moshi mweupe asubuhi ni tabia ya LDT-465. Ukiisha injini ikipata moto, endelea na safari. Mweusi: tazama filta ya hewa kwanza, kisha uulize kama mwenye zamani aliongeza mafuta kwenye pampu ili apate nguvu. Wengi hufanya hivyo, na gasket ya kichwa ndiyo inayolipa. Buluu ni oili, ama kupitia ringi, ama kupitia sili za tabo (turbo).

Sasa ile oili inayonuka dizeli. Pampu ya injekta inalainishwa na oili ya injini, na sili zake zikichoka, dizeli huteremka kwenye oili. Kiwango kinapanda, oili inakuwa nyepesi, beringi zinakosa ulinzi. Baya zaidi, injini inaweza kuanza kuichoma oili hiyo yenyewe, na hapo kebo ya kuzimia haina kazi tena kwa sababu chakula chake hakitoki kwenye pampu. Mizunguko inapanda mpaka kitu kipasuke.

Kwa hiyo kijiti kikionyesha oili imezidi, usiwashe. Mwaga, badilisha, tafuta chanzo. Kwenye kila lori langu nina kipande cha ubao mnene kinachotosha mdomo wa hewa, na kila anayewasha anajua kilipo. Injini ikikimbia, ziba hewa kwa ubao. Usizibe kwa mkono wala kitambaa, maana vyote viwili vitavutwa ndani. Ukishindwa kwa sekunde chache, ondoka karibu na injini na uwaondoe wengine.

Breki

Hapa nitakaa muda mrefu, na sikuombi radhi.

M35A2 inatumia mafuta ya breki yanayosaidiwa na upepo. Unakanyaga, masta silinda inasukuma mafuta kwenye busta, busta inatumia upepo kuzidisha nguvu, mafuta yanakwenda magurudumu yote sita. Njia ni moja tu. Bomba moja likipasuka, huna breki hata moja. Breki ya mkono inashika shafti nyuma ya transfa, sanduku la gia linalogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma. Ni ya kuegeshea, si ya kusimamishia tani sita zinazoteremka.

Kabla ya dalili yoyote, jua ni mafuta gani yamo. Jeshi la Marekani lilihama kutoka mafuta ya kawaida kwenda ya silikoni, DOT 5, miaka ya 1980. Hayachanganyikani na DOT 3, wala DOT 4, wala DOT 5.1, ambayo licha ya jina lake si silikoni. Rangi ya zambarau ya silikoni hupauka, kwa hiyo usiiamini. Chukua kidogo kwenye chupa, ongeza maji, tikisa. Yakiyeyuka pamoja, ni ya kawaida. Yakipanda na kukaa juu kama mafuta ya taa, ni silikoni. Ukipata tabaka mbili na uchafu katikati, mtu alichanganya. Osha mfumo mzima na ubadilishe mipira yote.

*Pedali inazama.* Chanzo cha kawaida zaidi ni viatu vya breki vilivyo mbali na drami, kwa sababu kwenye gari hili havijirekebishi vyenyewe. Inua gurudumu, kaza kirekebishi mpaka kiguse, rudisha kidogo gurudumu lizunguke huru. Fanya yote sita kabla ya kununua kitu. Bado inazama? Angalia kiwango cha masta silinda, iliyojificha chini ya sakafu, ndiyo maana husahauliwa. Kisha tafuta unyevu ndani ya kila tairi, silinda ya gurudumu ikivuja. Kisha toa upepo, ukianza na busta na kwenda gurudumu la mbali. Ikizama polepole ukiwa umeikanyaga na hakuna uvujaji popote, masta silinda inapitisha ndani.

*Pedali ngumu kama jiwe, gari halisimami.* Busta haisaidii. Geji ya upepo inasoma ngapi? Ikiwa upepo upo, mtu akanyage na kuachia huku wewe umesimama kando ukisikiliza. Busta hai hutoa pumzi. Kimya maana yake vali yake imeganda, ugonjwa wa kusimama uleule.

*Mafuta yanapungua, nje kukavu.* Tazama mahali busta inapotolea upepo. Ukiona unyevu, sili ya ndani imekufa na mafuta yanapita upande wa upepo. Siku moja breki zitaisha zote kwa mkanyago mmoja.

*Gurudumu moja linanuka na kuchemka.* Kiatu kimekazwa mno, au pistoni ya silinda imeganda. Yakichemka yote, angalia kama pedali ina mchezo kidogo juu kabla ya kuanza kusukuma. Bila mchezo huo, mafuta hayarudi. Kisha mipira ya breki: mpira wa zamani huvimba ndani, ukaruhusu kwenda na kukataa kurudi.

Kwenye M939 mambo ni tofauti kwa kuwa breki ni za upepo mtupu, na kwenye chemba za nyuma kuna springi yenye nguvu ya kuua mtu. Usiifungue chemba hiyo hata kama kuna video inaonyesha. Badilisha nzima, au mwite fundi wa malori. Jua pia kwamba M939 zilipata sifa mbaya ya kufunga breki na kuserereka kwenye lami yenye maji, hadi jeshi likazipunguzia mwendo na kuzifungia mfumo wa kuzuia magurudumu kuganda. Muulize muuzaji kama lako linao.

Lini usimame? Kama huelewi kwa nini breki imepona, haijapona. Iliyorudi yenyewe baada ya kukanyagwa mara tatu itaondoka yenyewe pia.

Upepo haupandi

Funga kwanza vali mbili za nyuma za kuunganishia tela. Nusu ya "kompresa mbovu" ninazoitiwa ni vali hiyo iliyoachwa wazi.

Halafu maji ya sabuni na brashi, kiungo kwa kiungo, mfumo ukiwa na shinikizo. Usisahau wipa, zinaendeshwa kwa upepo na huvuja nyuma ya dashibodi usipopaona. Mwaga maji ya tenki za upepo. Yakitoka na oili nyingi, kompresa imelika. King'ora cha kuonya kikiendelea kulia, lori halitoki uani, hata kusogezwa kidogo.

Joto linapanda

Pima kwa kipimajoto cha mbali kabla ya kuiamini geji, maana vihisio vya zamani husema uongo. Ikiwa joto ni la kweli: kiwango cha maji, mikanda ya feni, takataka katikati ya mapezi ya rejeta, thamostati, kwa mpangilio huo. Mapovu yanayoendelea kwenye rejeta injini ikiwa inawaka ni gasket ya kichwa, udhaifu unaojulikana wa injini hizi. Zima uivute.

Usukani unatetemeka, au lori linagoma kukata kona

Kutetemeka kwenye mwendo fulani mara nyingi ni tairi lililosimama mahali pamoja miaka mingi likabonyea. Likipona baada ya kilomita ishirini, ndilo hilo. La sivyo inua mbele, tikisa gurudumu juu na chini kwa beringi na kingpini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia), kushoto na kulia kwa viungo vya usukani.

Lori linaloshtuka na kuvuta kwenye kona ya lami linataka maelezo kidogo. M35A2 nyingi zina transfa inayoingiza ekseli ya mbele yenyewe magurudumu ya nyuma yanapozunguka haraka kuliko ya mbele, kama kwenye tope. Sasa mtu anaweka tairi mpya mbele na kubakiza zilizolika nyuma. Tairi dogo huzunguka haraka kuliko kubwa, transfa inadhani lori limekwama, na inashika mbele njia nzima. Pima mzingo wa kila tairi kwa futi ya fundi nguo kabla ya kufungua transfa. Kama tairi zinalingana, kagua fimbo inayoiambia transfa kwamba umeingiza gia ya nyuma. Ikipotea marekebisho yake, kushika kunakuja wakati usio wake.

Tairi na rimu

Nati za gurudumu upande wa kushoto hufunguka kinyume, na zina herufi L. Ukivuta kwa bomba la mita mbili na haifunguki, pengine unaikaza.

Rimu zina pete ya kufungia, ile ya chuma inayolishikilia tairi lisitoke kwenye rimu. Pete isiyokaa vizuri huruka wakati wa kujaza upepo kwa nguvu ya kumkata mtu, na imeua mafundi waliofanya kazi hiyo maisha yao yote. Usiigonge kwa nyundo tairi likiwa na upepo. Lililotembea chini ya asilimia 80 ya shinikizo lake, usiliongezee upepo likiwa garini. Toa upepo wote, shusha, kagua pete na rimu kama zina kutu au nyufa. Kufungua na kufunga pete mpe fundi wa tairi za malori mwenye kizimba cha chuma. Mimi hufungua kila kitu kwenye lori hili kasoro pampu ya injekta, chemba ya springi na pete ya rimu. Na hata kuongeza psi tano hutumia mpira mrefu wenye kishikio kinachojibana chenyewe, nikisimama mbele ya kashata, si ubavuni.